"Bei Gani?" Ni Ulizo Moja au Matatu?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ujiji. Mama yangu mdogo anauza dagaa pale Kibirizi, na siku hizi wateja wake wengi wako Dar na Dodoma, wanamtafuta kwa WhatsApp. Muda wa kujibu hana, basi akampa kijana mmoja kazi hiyo. Mkataba wao ulikuwa karatasi moja: "Atalipwa shilingi 500 kwa kila ulizo la mteja."

Mwisho wa mwezi kijana akaleta hesabu: maulizo 412, shilingi 206,000. Mama mdogo akashika kichwa. Tukakaa mkekani, tukafungua simu. Mtu mmoja kaandika "Mambo", kisha "Dagaa wapo?", kisha "Bei gani?" Kijana kahesabu matatu. Mwingine kalalamika mzigo wake una mchanga. Nalo ni ulizo.

"Mwanangu, anayesema mambo kaniuliza nini?"

"Mama, si nimemjibu? Na hao wa malalamiko ndio wananimalizia muda."

Wote wawili walikuwa na hoja. Kosa lilikuwa la karatasi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili. Ya kwetu hayakufika huko, ila ipo kanuni nyingine: neno lenye utata husomwa dhidi ya aliyeliandika. Aliyeandika ni mama mdogo. Akalipa zote.

Kisha tukaandika upya:

"Ulizo ni mawasiliano ya mtu mmoja anayetaka kujua bei, kiasi au usafirishaji wa dagaa ili anunue. Meseji zake zote ndani ya saa 24 ni ulizo moja. Salamu tupu na simu iliyokosewa si ulizo. Malalamiko yana malipo yake. Kutaja bei si kuuza. Oda inakubaliwa na mwenye mali tu."

Sentensi ya mwisho niliitoa darasani, kwenye kesi ya Harvey na Facey iliyotoka Jamaica na kuamuliwa London mwaka 1893. Harvey aliuliza kwa simu ya maandishi kama Facey atamuuzia shamba, na bei ya chini ni ipi. Facey akajibu bei tu: pauni 900. Harvey akadai wameshauziana. Akashindwa, kwa sababu kujibu swali la bei si kukubali kuuza. Kwa dagaa ni muhimu sana: ziwa likichafuka au mbalamwezi ikiwaka, dagaa wanaadimika, na bei ya asubuhi jioni haipo.

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tunafanya hizi kazi za kujibu wateja wa watu. Kabla hujasaini, uliza: kinachohesabiwa ni nini, kinaanza na kuisha lini, nani anahesabu? Neno ambalo kila mtu anadhani analijua ndilo la kuandikwa maana yake kwanza.