Mwingiliano wa Vipokezi vya Glutamati na Dopamini katika Ubongo wa Panya

Dopamini huelezwa mara nyingi kuwa kemikali ya raha. Maelezo hayo yanapotosha, na ubongo wa panya unaonesha sababu. Katika striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayoshiriki katika kuchagua mienendo, takribani asilimia 95 ya seli za neva ni za aina moja, zenye vichomozo vidogo vingi kwenye matawi yake. Nyuzi zinazoleta glutamati kutoka gamba la ubongo huishia kwenye kichwa cha kichomozo. Nyuzi za dopamini mara nyingi hugusa shingo yake. Glutamati ndiyo hubeba ujumbe, ilhali dopamini huamua uzito wa ujumbe huo.

Uzito huo hutegemea aina ya kipokezi. Dopamini inaponasa kwenye kipokezi cha D1, kiwango cha siklik AMP hupanda ndani ya seli na kuamsha kimeng'enya kiitwacho protini kinasi A. Kimeng'enya hicho huipachika fosfati protini ya DARPP-32, nayo hukizuia kimeng'enya kingine ambacho kazi yake ni kuondoa fosfati. Hivyo vipokezi vya glutamati vya aina ya NMDA hubaki na fosfati zao na mkondo unaopita ndani yake huongezeka. Paul Greengard, ambaye maabara yake iliigundua DARPP-32, alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000. Vipokezi vya D2, ambavyo kwa sehemu kubwa vimo katika seli nyingine, hufanya kinyume: hushusha siklik AMP na kudhoofisha mwitikio wa glutamati.

Wakati nao una uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kwamba vichomozo vya seli za panya zenye D1 hukua iwapo dopamini itafika kati ya sekunde 0.3 na 2 baada ya glutamati. Ikitangulia, haina athari hiyo.

Jambo hili linagusa tiba. Panya walioharibiwa nyuzi za dopamini, wakipewa levodopa mara kwa mara, huanza kujinyonganyonga bila hiari, kama inavyowatokea wagonjwa wengi wa Parkinson. Amantadini, dawa inayoziba vipokezi vya NMDA, hupunguza hali hiyo kwa panya na kwa binadamu, ingawa kilichopungua tangu mwanzo kilikuwa dopamini.