Kikao cha kazini kisiwe cha kusinzia

MISSISSAUGA, Kanada: Sisi tunaofanya kazi huku ughaibuni tunakijua vizuri kikao cha Jumatatu asubuhi. Taa zinapunguzwa, projekta inawashwa, mtoa mada anageukia ukutani na kuanza kusoma slaidi neno kwa neno. Wenzake wanachungulia simu chini ya meza. Saa nzima inakwisha, na ukiuliza kimeamuliwa nini, hakuna anayejua. Ndugu zetu wa nyumbani nao wana semina za namna hiyo hiyo, tofauti ni soda na sambusa tu.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo. Si dogo. Mwezi Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiligongwa kwenye bawa na kipande cha povu gumu wakati wa kurushwa. Wahandisi waliwasilisha tathmini yao kwa slaidi. Katika slaidi moja kichwa cha habari kilitia moyo, lakini onyo lenyewe lilikaa chini kabisa: kipande kile kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati majaribio yalifanywa kwa inchi 3. Februari 1 chombo kilisambaratika kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakapoteza maisha. Tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti 2003, iliitaja slaidi hiyo na kusema ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi angeisoma bila kutambua kwamba maisha ya watu yalikuwa hatarini.

Mfano wa kuigwa tunao hapa hapa mjini. Usiku wa Novemba 10, 1979 treni ya mizigo iliyobeba kemikali ilianguka Mississauga, gesi ya klorini ikavuja, na watu zaidi ya 200,000 wakahamishwa. Meya Hazel McCallion aliteguka kifundo cha mguu, lakini aliendelea kuchechemea kwenda kwenye mikutano ya kutoa taarifa. Hakuna aliyekufa. Watu waliotolewa majumbani usiku hawataki hotuba. Wanataka kujua nini kimetokea, nini kimeamuliwa, na wao wafanye nini. Mfanyakazi aliyeitwa kikaoni naye anataka hayo hayo.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Jambo kubwa lisemwe mwanzo, lisingoje slaidi ya mwisho. Maelezo marefu yaandikwe kwenye karatasi. Huko Amazon, tangu 2004, Jeff Bezos aliwakataza wakubwa wenzake slaidi, wakawa wanasoma kwanza maandishi kimya kimya ndipo wajadili. Na kikao kisifungwe kabla ya kutajwa nani atafanya nini, na lini.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Wengi tulilelewa kwamba mdogo hasemi mbele ya wakubwa. Huku, anayenyamaza huhesabiwa hana la kusema, na cheo kinampita. Mwenyekiti mwenye busara huzungusha swali meza nzima, maana huenda yule aliyekaa kimya kwenye kona ndiye aliyeuona ule mstari wa chini. Nasi tusingoje kuulizwa. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.