Askari wa Zimamoto Mlangoni mwa Chuo Kikuu: Namna Mafunzo ya Kazini Yanavyoweza Kuhesabiwa

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu hukutana na watu wazima wamwulizao jambo lisilokuwamo katika muhtasari wa somo lolote. Je, mtu aliyefanya kazi miaka kumi, akapewa mafunzo kazini na kupata vyeti vyake, anaweza kusoma hadi shahada pasipo kuanza upya kama kijana aliyemaliza shule juzi? Mwulizaji huweza kuwa fundi, mhudumu wa zahanati, au askari. Katika makala haya nimemchagua askari wa zimamoto. Watu wengi humdhania kuwa ni mtu wa nguvu za mikono tu, na hivyo yeye ndiye kipimo kizuri cha jambo lenyewe.

Nchini mwetu huduma hii iliwekwa chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa sheria ya mwaka 2007, na jeshi hilo lina chuo chake Chogo, wilayani Handeni. Askari hafundishwi kukimbia na mpira wa maji tu. Hana budi kujua kwamba moto huhitaji joto, hewa ya oksijeni na kitu cha kuungua, na kwamba kila njia ya kuuzima ni njia ya kuondoa kimojawapo. Hana budi kujua kwa nini maji hayamwagwi juu ya mafuta ya kupikia yanayowaka: maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke kwa ghafla, na lita moja ya maji hutoa mvuke wa lita 1,700 hivi, ambao huyarusha mafuta yenye moto kila upande. Hiyo ni fizikia.

Tuangalie na hesabu. Gari limebeba lita 5,000, na kila mpira unatoa lita 500 kwa dakika. Akifungua mipira miwili, maji yatakwisha baada ya dakika 5. Iwapo kwenda kujaza ni dakika 6, kujaza dakika 8 na kurudi dakika 6, moto utakaa dakika 20 bila maji. Je, afungue mpira mmoja au miwili? Akifungua mmoja atapata dakika 10 za maji, lakini kwa nguvu nusu, na pengine moto utamshinda kabla gari halijaondoka. Mwanachuo anaweza kulichukua swali hili kama lilivyo na kulipeleka darasa la sita. Askari hulijibu usiku, huku watu wakipiga mayowe.

Basi elimu ipo. Swali ni nani ataitambua, na kwa kipimo gani.

Marekani ndiko jambo hili lilikokomazwa kwa upande wa zimamoto. Baraza la Elimu la Marekani lilikuwa likipima mafunzo ya wanajeshi tangu miaka ya 1940, na mwaka 1974 lilianza kupima pia mafunzo yatolewayo makazini. Wataalamu wa vyuo huyasoma masomo hayo, hutazama mitihani yake, kisha hupendekeza kila somo lihesabiwe krediti ngapi. Masomo ya Chuo cha Taifa cha Zimamoto, kilichoko Emmitsburg katika jimbo la Maryland, hupimwa kwa njia hiyo. Tuangalie vema neno lile, hupendekeza. Baraza halitoi shahada, na chuo kikuu kinabaki na hiari ya kukubali au kukataa.

Mwaka huo huo wa 1974, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma hukumbukwa zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote, lakini liligusa mambo mawili ya mjadala wetu. Kwanza, liliagiza kwamba wanaoingia chuo kikuu wawe wamekwisha kufanya kazi, wala wasitoke moja kwa moja kidato cha sita. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini wazo la kwamba kazi ni sehemu ya maandalizi ya elimu ya juu lilikuwa limekwisha kusemwa rasmi. Pili, azimio hilo lilileta haja kubwa ya walimu, na kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza elimu ya msingi waliingizwa madarasani kufundisha huku wakijifunza ualimu kwa posta, kwa vipindi vya redio na kwa kuangaliwa wakiwa kazini, kisha wakamalizia kwa muda mfupi chuoni. Waliofuzu kwa njia hiyo ni zaidi ya 30,000. Wapo waliowabeza, na ni kweli kwamba wengi walianza na elimu ndogo mno. Hata hivyo, wanaobeza husahau kuuliza shule zile zingefunguliwa na nani.

Kwa sasa Tanzania ina njia tatu, nazo zisichanganywe. Ya kwanza ni ile ya VETA ya kurasimisha ujuzi: fundi mwashi, seremala au fundi magari aliyejifunza mitaani hupimwa kwa vitendo na kwa maswali, kisha hupewa cheti cha ufundi. Cheti hicho ni cha ngazi ya ufundi, si shahada. Ya pili ni mtihani wa utambuzi wa elimu iliyopatikana awali, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Huo humfungulia mtu mzima mlango wa chuo kikuu ingawa hana sifa za kawaida za kidato cha sita au stashahada. Unafungua mlango tu. Akiingia, atasoma masomo yote kama wenzake. Ya tatu ni kuhamisha krediti, yaani kuhesabiwa somo ambalo mtu amekwisha kulisoma na kufaulu kwingineko katika ngazi ileile. Watu wengi hudhani wamepewa ya tatu kumbe wamepewa ya pili, na wakishalipa ada huanza manung'uniko.

Krediti ni kipimo cha ukubwa wa kazi ya kujifunza. Kwetu krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi, zikiwamo za darasani, za kujisomea na za mazoezi. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Marekani shahada nzima ni krediti 120 hivi, kwa hiyo krediti yao ni kubwa kuliko yetu, na tarakimu zao zisinakiliwe kama zilivyo. Tuseme askari amehudhuria mafunzo ya ukaguzi wa majengo yenye saa 80 za darasani na 40 za kujisomea. Jumla ni saa 120, sawa na krediti 12. Lakini hesabu hii haina nguvu yoyote iwapo mafunzo hayakuwa na mtihani, au yalikuwa ya ngazi ya cheti ilhali yeye ataka yahesabiwe katika mwaka wa tatu wa shahada. Saa peke yake hazitoshi, sembuse miaka ya utumishi. Mtu anaweza kufanya kazi miaka 12 na kujifunza ya mwaka mmoja mara kumi na mbili.

Hapa ndipo kazi ya mwalimu inapoingia. Chuo hakimwulizi mwombaji amefanya nini, bali amejifunza nini na ana ushahidi gani. Askari wetu ataandika: “Nimezima mioto mingi na kuokoa watu.” Ni kweli tupu, nayo haimpatii chochote. Mwalimu asimwandikie, wala asimsahihishe kwanza; amwulize. Ulijuaje kwamba mlango ule usifunguliwe? Uliona nini? Moshi ulikuwa wa rangi gani, na ulikuwa ukitoka au ukivutwa ndani? Kama mlango ungekuwa wa chuma badala ya mbao, ungefanya vilevile? Swali hili la mwisho ndilo zito kupita yote, kwa kuwa huonyesha kama mtu amekariri tendo au ameshika kanuni iwezayo kuhamia mahali pengine.

Baada ya mazungumzo kama hayo, mtu yuleyule ataweza kuandika: “Naweza kukisia hali ya moto ndani ya chumba kilichofungwa kwa kutazama moshi na joto la mlango, na kueleza kwa nini kuingiza hewa ghafla huweza kuleta mlipuko.” Sasa kuna jambo la kupimwa. Mtahini anaweza kuuliza zaidi, na ushahidi unaweza kuambatishwa katika jalada: cheti cha mafunzo pamoja na muhtasari wake, barua ya mkuu wake wa kazi ieleze kazi aliyoifanya, taarifa ya ukaguzi aliyoiandika mwenyewe, michoro. Vyeti visivyo na muhtasari wa mafunzo ni dhaifu, maana mtahini hajui kilichofundishwa. Mwambie auombe muhtasari huo mapema, kabla ofisi haijahama wala mkufunzi hajastaafu.

Pia asikubali kuuziwa shahada. Duniani wapo watoaji wa shahada za “uzoefu wa maisha” kwa malipo, pasipo mtihani wala jalada. Shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu kutambuliwa, na ile iliyonunuliwa itamwaibisha mbele ya mwajiri. Ada yake haitarudi.

Kwa askari aliye Singida, asiyeweza kuacha zamu zake, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ndicho kinachofaa kuulizwa kwanza. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa, na kina kituo mkoani humu. Aulize kwa maandishi kitahesabu nini, na apate jibu kwa maandishi.

Kikwazo kinachosahauliwa ni lugha. Amri za kazini huwa kwa Kiswahili, taarifa zake ameziandika kwa Kiswahili, lakini chuo kikuu hufundisha na kutahini kwa Kiingereza. Nimeona watu wazima wenye akili kali wakinyamaza mbele ya karatasi ya mtihani kwa sababu hiyo tu. Mwanachuo atakayepangiwa shule karibu na kituo cha zimamoto anaweza kuanza na maneno 50 ambayo askari anayajua kwa mkono wake: shinikizo, mvuke, pampu, uwezo, ujazo. Askari aeleze kila moja kwa Kiswahili hadi maana itulie, kisha ndipo aandike la Kiingereza kando yake na kulitumia katika sentensi ya kazi yake mwenyewe. Maneno matano kwa jioni, siku mbili kwa juma, yatakwisha katika majuma matano.