Kuzimwa, Kuzimika na Kujizima

Mfasiri wa miongozo ya kompyuta hana budi kuyatofautisha maneno haya, kwani kosa moja laweza kumfanya msomaji anunue kifaa asichokihitaji.

(a) Kuzimwa: hutendwa na mtu, au na programu kwa utaratibu.
(b) Kuzimika: umeme hukatika, kama taa inavyozimika.
(c) Kujizima: kifaa chenyewe hukata umeme ili kujikinga.

Tuchukue mfano wa kompyuta ya michezo iliyotiwa kadi mpya ya michoro, kisha ikawa inazimika na kuwaka upya ovyo. Kadi ya GeForce RTX 3090, iliyotolewa mwaka 2020, imepangiwa wati 350. Lakini huweza kuvuta zaidi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hapo kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya kompyuta, kikizidiwa, hujizima. Windows nayo huandika tukio namba 41, yaani kompyuta imewaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu, sababu haitajwi.

Basi, kisanduku kimejizima, kompyuta imezimika. Asomaye hivyo atachunguza kwanza uwezo wa kisanduku na nyaya zake, kabla ya kuitupa kadi nzima.