Kesi ya Jinai Si ya Familia Mbili

(Muziki wa kipindi. Unashuka, mtangazaji anaingia.)

Leo tunajibu swali linalotufikia mara nyingi: "Familia zimeshapatana, mbuzi ameshatolewa, mbona polisi bado wanamshikilia kijana wetu?"

Ukibahatika kuona karatasi ya mashtaka, soma mstari wa juu. Hautakuta jina la baba wa aliyeumizwa. Utakuta "Jamhuri dhidi ya" fulani. Jamhuri ni nchi ya Tanzania yenyewe. Katika kosa la jinai, sheria inahesabu kwamba aliyekosewa ni nchi nzima, na yule aliyepigwa au kuibiwa anaingia mahakamani kama shahidi. Kwa hiyo hata akisema "nimesamehe", msamaha wake ni mzuri, lakini kesi haikuwa yake peke yake. Mwenye mamlaka ya kuiondoa ni upande wa mashtaka, ulio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mwenyekiti wa kijiji hana mamlaka hayo, wala mkuu wa ukoo.

Najua wengi tulikotoka mambo yalikwenda tofauti. Burundi bashingantahe wakikaa, wakasikiliza pande zote na kuamua, watu wanarudi nyumbani. Congo nako wazee wa ukoo wanaita pande mbili, anayekosa analipa, basi. Sisemi vikao hivyo ni vibaya. Deni la unga, ugomvi wa mpaka wa bustani, maneno ya majirani, hayo wazee wanayamaliza vizuri kuliko mahakama, na kwa haraka.

Hata sheria ya Tanzania inaacha mlango kidogo. Kwa makosa madogo ya mtu na mtu, kama kofi lisiloacha jeraha, mahakama inaweza kuwahimiza wahusika wapatane, na kesi ikaishia hapo. Tofauti inakuja kwenye uzito. Chukua mfano wa wanawake wawili wanaogombea foleni pale bombani. Wakisukumana, wazee wanatosha. Mmoja akimpiga mwenzake na ndoo akamjeruhi, hilo ni shambulio la kudhuru mwili, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Akimwumiza vibaya zaidi, mfano akampofusha jicho, ni kudhuru vibaya, na kinaweza kufika miaka 7. Unyang'anyi wa kutumia silaha, hata kama silaha ni panga na kilichochukuliwa ni simu moja, adhabu inaanzia miaka 30. Mambo ya namna hiyo hayamalizwi kwa soda na samahani.

Sasa tufike kwenye lile linalofichwa kuliko yote.

Tuseme binti wa miaka 15 amebakwa, au amepewa mimba na kijana wa jirani. Wazee wanakaa usiku. Wanakubaliana laki mbili na mbuzi, au kwamba kijana atamwoa. Kila mtu anaambiwa anyamaze. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, awe amekubali au hakukubali. Adhabu kwa mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 30. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Na sheria hiyohiyo inasema mkosaji ataamriwa pia kumlipa fidia aliyetendewa. Fidia ipo, tena ni haki ya binti, lakini inapangwa na hakimu, na inakwenda pamoja na kifungo. Kumwoa baadaye nako hakufuti kilichotendeka.

Ndugu wa Congo, tusiseme haya ni mambo ya Watanzania tu. Sheria za Congo za mwaka 2006 kuhusu ukatili wa kingono nazo zilikataa kesi hizo zimalizwe kwa faini ya makubaliano.

Angalia nani anapata hasara kwenye kikao kile cha usiku. Binti amekosa matibabu. Familia ya kijana imeuza mgawo na redio ili ilipe, na bado kijana anaweza kukamatwa kesho. Na wazee waliopokea pesa ili kosa kubwa lifichwe, nao wametenda kosa lao wenyewe, maana sheria inakataza kuchukua malipo ili kuficha kosa kubwa au kuzuia mashtaka. Sahihi zao kwenye ile karatasi ya makubaliano ndizo zitakazowaumbua.

Mtu atasema: mbona kesi ya fulani ilikufa? Ni kweli, kesi nyingine huanguka kwa sababu mashahidi wamejificha. Lakini shahidi aliyeitwa na mahakama akakaidi anaweza kuletwa kwa hati ya kukamatwa. Na mashtaka yakiondolewa kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea, yanaweza kufunguliwa upya.

Kama wewe ndiye mama wa binti, usimwogeshe na usifue nguo zake. Mpeleke hospitali ya kambi mapema, kwa sababu dawa za kukinga virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Fomu ya polisi inaitwa PF3, omba ujaziwe. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, hapo unaongea pembeni, mbali na watu wa kaunta. Sungusungu wanaweza kukusindikiza, lakini kuamua si kazi yao.

Na kama wewe ni mama wa kijana aliyekamatwa? Naye ana haki, tusimhukumu kabla ya mahakama. Aambiwe kosa lake kwa lugha anayoielewa. Kama Kiswahili kinamshinda na anaongea Kirundi au Kibembe, aombe mkalimani mapema, asiweke dole gumba kwenye maelezo asiyoyaelewa. Asipigwe ili akiri. Apelekwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo. Kwa makosa yenye dhamana, dhamana ya polisi hailipiwi, ila wadhamini watahitajika. Pesa za kikao cha usiku hazimsaidii kwa lolote kati ya haya. Afadhali muulize ofisi za msaada wa kisheria hapa kambini, wawaeleze namna ya kumpatia mtu wa kumtetea.

Jambo moja la haraka: nchi zinazopokea wakimbizi huuliza habari za kesi kwenye mahojiano. Kilichofichwa kambini kinaweza kuulizwa huko.

Wiki ijayo tutaeleza kibali cha kutoka kambini: nani anakitoa, na nini kinatokea ukikamatwa nje bila hicho. Maswali yenu leteni kwenye sanduku letu. Jina si lazima.

(Muziki unapanda. Mwisho wa kipindi.)