Madai Madogo, Majeraha Makubwa

Neno "dogo" lina hila yake. Katika sheria ya Kenya, dai lisilozidi shilingi milioni moja huitwa dai dogo, na limetengewa mahakama yake. Lakini kwa mchuuzi wa mboga aliyevunjwa mguu na bodaboda, shilingi laki mbili za matibabu na mapato yaliyopotea ni karo ya watoto, kodi ya nyumba na mtaji wote wa biashara. Udogo huo ni wa hesabu za mahakama tu.

Itakumbukwa kwamba Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka wa 2016, na mahakama yenyewe ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Miongoni mwa madai inayoruhusiwa kuyasikiza ni fidia ya majeraha ya mwili. Kesi yatakiwa iamuliwe katika muda wa siku 60, kanuni kali za ushahidi zimelegezwa, na mdai anaweza kujisimamia mwenyewe. Hatua hii yastahili pongezi. Hata hivyo, wengi walioumia hawafiki mlangoni pa mahakama hiyo.

Kwa nini? Kwanza, ada ya wakili yaweza kumeza sehemu kubwa ya fidia, na Sheria ya Mawakili haikubali mapatano ya wakili kulipwa iwapo tu atashinda kesi. Pili, muda hausubiri: dai la uzembe sharti lifikishwe mahakamani kabla ya miaka mitatu kupita, na likiwa dhidi ya Serikali, kabla ya miezi 12. Tatu, na hili ndilo linalonigusa mimi niliye mwanaisimu, kuna kizuizi cha lugha.

Si ajabu majeruhi kufikiwa angali kitandani na mjumbe wa mwenye gari, mkononi ana noti chache na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Karatasi hiyo yasema kwamba anayetia sahihi amepokea malipo kamili na ya mwisho, wala hatadai tena. Majeruhi hudhani anakiri kupokea pesa za dawa. Kumbe anaiuza haki yake. Mfupa ukikataa kuunga baada ya miezi miwili, atakuwa na kibarua kigumu cha kuitangua sahihi yake. Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Penye haki ya mtu, asiyejua maana ndiye hasa anayestahili kuambiwa.

Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika kifungu cha 7, na katika kifungu cha 48 yaitaka Serikali ihakikishe watu wote wanaifikia haki, na ada isiwe kikwazo. Aidha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka wa 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na kuwatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Basi naitakidi kwamba hati yoyote ya mapatano ya fidia haifai kumfunga majeruhi mpaka iwe imeandikwa katika lugha anayoifahamu, na kufafanuliwa na mtu asiye na maslahi katika mapatano hayo. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na dhuluma itakayozuiwa.

Wakati tukingoja sheria hiyo, walimu na wanafunzi wana la kufanya. Ufahamu unaofundishwa darasani usiishie kwenye hadithi. Mwanafunzi apewe pia hati ya mapatano, aisome na kuifasiri. Akirudi nyumbani, amkumbushe mzazi kuripoti ajali kwa polisi, kuhifadhi stakabadhi za hospitali na majina ya mashahidi, na kutotia sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi ambayo hajaelezwa maana yake.