Waliotoweka Vitabuni

Mafundi baiskeli wa Komoro walikuwa na msasa wao wa kienyeji. Tairi likipata pancha, mpira wa ndani ulikwaruzwa kwa gamba gumu la samaki fulani mkubwa, ili gundi ya kiraka ishike vizuri. Samaki mwenyewe wenyeji walimwita gombessa. Nyama yake ina mafuta mengi, walaji hawaipendi, na mvuvi aliyemtoa kilindini usiku hakuwa na cha kujivunia mbele ya wenzake. Kwa upande mwingine, vitabu vya zoolojia vya Ulaya vilikuwa vimefundisha kwa miongo mingi kwamba ukoo mzima wa samaki huyo ulikwisha miaka milioni 66 iliyopita, wakati mmoja na dinosaria.

Leo Watanzania wanamjua kwa jina la silikanti. Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi kama muujiza wa sayansi, na kweli kinasisimua. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho madogo ya mji wa East London, Afrika Kusini, aliitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi ya Kapteni Hendrik Goosen. Chini ya rundo la papa aliona pezi la rangi ya buluu. Alipomfukua, alikuta samaki wa karibu mita moja na nusu, mwenye magamba kama ngao na mapezi yenye mashina ya nyama mithili ya miguu mifupi. Hakuwa na jokofu la kumtosha, na joto la Desemba kule kusini halisubiri mtu. Alichora mchoro, akautuma kwa barua kwa J.L.B. Smith, mhadhiri wa kemia huko Grahamstown ambaye mapenzi yake yalikuwa kwenye samaki. Hadi Smith anafika, mwaka 1939 ulikuwa umeshaingia, matumbo yalikuwa yametupwa na kilichobaki ni ngozi iliyokaushwa. Hata hivyo hiyo ilitosha. Samaki alipewa jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Marjorie na ya mto Chalumna, ambao Goosen alikuwa akivua karibu na mdomo wake.

Smith aliitaka maiti kamili. Alisambaza vipeperushi vyenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, vikiwa vimeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Baadhi vilipitia Unguja, mikononi mwa Eric Hunt, nahodha aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro. Desemba 1952 mvuvi wa kisiwa cha Nzwani alimvua gombessa, akampeleka sokoni Domoni, na huko akatokea mtu aliyekuwa amekiona kipeperushi. Samaki akabebwa kuvuka milima hadi Mutsamudu, kilikotia nanga chombo cha Hunt. Smith alimwomba waziri mkuu wa Afrika Kusini ndege ya jeshi, akaruka hadi Komoro, akapiga magoti mbele ya sanduku na, kwa masimulizi yake mwenyewe, akalia. Wenyeji walieleza kwamba samaki huyo hakuwa mgeni kwao.

Hapa ndipo panapostahili kutuliwa. Kwa miaka 14 mtaalamu mkubwa alikuwa akitafuta samaki ambaye wavuvi wa visiwa vya jirani walikuwa wakimtoa majini na kumtumia magamba. Kilichokosekana muda wote huo ni njia ya habari kutoka sokoni Domoni hadi maktaba ya Grahamstown.

Makosa ya vitabu nayo yana maelezo yake. Visukuku vingi vya ukoo wa silikanti vimepatikana kwenye miamba iliyotokana na matope ya maji ya kina kifupi, ya chumvi au baridi. Silikanti wa leo hukaa kwingine kabisa: kwenye miteremko ya mawe chini ya bahari, mchana akiwa amejificha mapangoni kwenye kina cha mita 100 na zaidi. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke na wenzake walimpiga picha akiwa hai kutoka ndani ya nyambizi ndogo, nje ya kisiwa cha Ngazija. Mahali kama hapo si rahisi mfupa ufunikwe na udongo kisha miamba yake ipandishwe nchi kavu ili mtu aje kuichimba. Ukimya wa visukuku ulisomwa kama cheti cha kifo, kumbe mnyama alikuwa amehamia mtaa usio na posta. Wataalamu wa visukuku wana jina kwa viumbe wa namna hiyo: huwaita viumbe wa Lazaro.

Pwani ya Afrika Mashariki iliingia kwenye hadithi hii kwa kuchelewa. Mwaka 2001 meli ya kukokota nyavu ilimpata mmoja karibu na Malindi. Septemba 2003 akavuliwa wa kwanza Tanzania, huko Songo Mnara, Kilwa. Halafu Tanga ikashangaza dunia: kuanzia 2004 walivuliwa wengi kwa muda mfupi, na hesabu ikaendelea kupanda mpaka makumi. Sababu haikuwa ya kufurahisha. Samaki wa karibu na miamba walikuwa wamepungua, wavuvi wakapeleka jarife za papa kwenye maji marefu zaidi, na zikagusa mlango wa silikanti. Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Ulinzi huo una hoja nzito nyuma yake: utafiti wa magamba uliotolewa 2021 ulikadiria kwamba samaki huyu anaweza kuishi karibu miaka 100, huchelewa kupevuka hadi anapofikia miaka 40 au zaidi, na jike hubeba mimba kwa takriban miaka mitano. Mnyama wa mwendo huo hawezi kurudisha haraka kinachochukuliwa na nyavu.

Silikanti si peke yake. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa msituni Udzungwa, waliona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Walipomfuatilia mwenye miguu wakampata kwale asiyejulikana na sayansi, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Alitangazwa rasmi 1994. Kwa wapishi wa siku ile alikuwa mboga tu.

Kipunji ana kisa chenye mafunzo zaidi. Mwanzoni mwa 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu nyani mwenye haya anayeishi juu katika misitu ya Mlima Rungwe. Walisita. Masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wa kiroho wanaoishi katika msitu mmoja, na mgeni hawezi kujua mara moja yupi ni yupi. Mwaka huohuo wakamwona. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za Rungwe, lilimwona mnyama yuleyule katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, umbali wa kilomita 350 hivi. Taarifa ikachapishwa 2005. Baadaye kipunji mchanga aliyekufa kwenye mtego wa shamba la mahindi aliipa maabara vinasaba, na ikaonekana kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Hesabu iliyotolewa 2008 ilipata kipunji 1,117 tu duniani.

Ukitaka mfano wa karibuni, upo Djibouti. Sange wa Somalia, mnyama mdogo wa pua ndefu anayetoshea kiganjani, alikuwa hajarekodiwa kisayansi kwa karibu miaka 50. Mwaka 2019 watafiti, akiwemo Mdjibouti Houssein Rayaleh, walitega mitego zaidi ya 1,000 yenye chambo cha siagi ya karanga, shayiri na hamira. Mtego wa kwanza kabisa wa mahali pa kwanza ulimnasa. Wenyeji waliokuwa wameonyeshwa picha walikuwa wamekwisha kusema wanamjua. Sayansi haikuwa imemwandika kwa muda huo wote, basi akaitwa aliyepotea.

Ndiyo maana IUCN, shirika linalotunza Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, lina masharti magumu kabla ya kuandika kwamba spishi imetoweka. Lazima isiwepo shaka ya msingi kuwa wa mwisho amekufa, na lazima wawe wametafutwa kikamilifu mahali panapofaa na kwa majira yanayofaa. Haraka ina gharama. Wahifadhi huiita kosa la Romeo, kwa yule kijana wa Shakespeare aliyejiua akidhani Juliet amekufa: ukimtangaza mnyama kuwa marehemu mapema, fedha zinakatwa, msitu unafyekwa, na tangazo linajitimiza lenyewe. Ndege mmoja mdogo wa kisiwa cha Cebu, Ufilipino, alihesabiwa ameshakwisha kwa sababu misitu yake ilidhaniwa imekwisha. Mwaka 1992 alionekana katika kipande cha msitu kilichokuwa kimesahauliwa.

Lakini kuna upande wa pili, na waandishi wa habari huupenda kidogo kuliko wa kwanza. Kama kila neno la mwenyeji lingekuwa ushahidi, leo kungekuwa na dubu wa Nandi katika mbuga za Kenya. Mnyama huyo wa kutisha amesimuliwa tangu enzi za ukoloni, amesakwa na wawindaji wenye bunduki nzuri, na mpaka sasa hakuna fuvu, ngozi wala jino lililofikishwa makumbusho. Wengi wanaona ni fisi aliyeonekana gizani na watu wenye hofu. Ushuhuda unaonyesha pa kutafuta. Hauwezi kumaliza kazi peke yake.

Mahali ambapo mambo hayo mawili yamefungana hadi hayafunguki ni Unguja, kwenye suala la chui.

Kisiwa hicho kilikuwa na chui wake, waliotengwa na wenzao wa bara maji ya bahari yalipopanda baada ya zama za barafu. Mwaka 1932 Mwingereza R.I. Pocock aliwaelezea kama nususpishi, akaiita adersi kwa jina la Dakta Aders, yuleyule ambaye jina lake lipo pia kwa paa nunga. Vijijini chui alikuwa na sifa nyingine: iliaminika kwamba wapo wachawi wanaofuga chui na kuwatuma kudhuru watu. Kila mbuzi aliyeliwa akawa na mshtakiwa wa miguu minne na mwingine wa miguu miwili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iliendeshwa kampeni ya kuwasaka wachawi pamoja na chui wao, na aliyekuwa mbele alikuwa mganga mashuhuri aitwaye Kitanzi. Misitu nayo ilipungua, paa wakawindwa, chui wakakosa mawindo. Kufikia miaka ya 1990 watafiti waliotembelea kisiwa hawakuwa na matumaini makubwa.

Wanaanthropolojia Martin Walsh na Helle Goldman, waliofuatilia suala hili kwa miaka mingi, wameonyesha ugumu wake. Wakazi wengi wanasema chui wapo. Wanaposema hivyo, mara nyingi wanawazungumzia chui wa kufugwa, na watu kadhaa walijaribu kutafuta mfugaji atakayewaonyesha mnyama wake kwa malipo. Hakuna aliyeonyeshwa. Kamera za kutegesha zilizowekwa msitu wa Jozani mwaka 2003 zilileta picha za kanu wa Unguja, ambazo ni hazina kwa namna yake, lakini chui hakupita.

Mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Mmarekani Forrest Galante kilitangaza kwamba kamera yake ya usiku imemnasa chui Unguja. Picha inaonyesha chui, hilo halina ubishi. Haionyeshi ni chui wa wapi: kipande kimoja cha usiku hakiwezi kumtenga chui wa kisiwa na chui aliyevushwa kutoka bara. Wengi walishangilia kabla ya kuuliza swali hilo, na mpaka sasa hakuna unywele, kinyesi wala mzoga uliotangazwa kuthibitisha. Kwa mizani iliyotumika kwa kipunji na sange, chui wa Unguja bado hajarudi.

Jibu linaweza kupatikana bila bunduki na bila kamera ya gharama. Siku hizi maabara husoma vinasaba vilivyoachwa kwenye mchanga na udongo. Mwaka 2023 watafiti Afrika Kusini walitangaza kumpata hivyo fuko wa dhahabu wa De Winton, aliyekuwa hajaonekana tangu miaka ya 1930, wakisaidiwa na mbwa aliyefunzwa kunusa. Kwa chui ni rahisi zaidi, kwa kuwa ngozi chache za zamani bado zimo kwenye makumbusho na zinaweza kulinganishwa. Mkazi wa Unguja atakayekuta manyoya kwenye uzio au kinyesi kisichokuwa cha mbwa wala ngawa asikioshe na asikishike kwa mkono mtupu. Akianike kivulini, akitie kwenye bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa plastiki, aandike tarehe na mahali, akipeleke ofisi ya misitu iliyo karibu. Unywele mmoja wenye shina lake unaweza kutosha.